Nilipika Krismasi za Watu

Najua Krismasi za nchi sita. Hata mkiniamsha usingizini nitawaambia Wafilipino wanaanza mwezi gani, Waaustralia wanakula nini kikiwa baridi, na Wapoland wanaweka sahani ngapi mezani. Ya Maganzo, nyumbani kwa baba yangu, tangu nianze kazi mpaka nilipostaafu nilikuwa nimeila mara moja tu, na hiyo ilikuwa ya msiba.

Nawaandikia ninyi mnaosomea upishi, mnaosimama hapa kibarazani kwangu na kuniuliza, “Mzee Shija, shikamoo, hivi kazi za kambini zikoje? Tupe siri.” Marahaba. Siri ninazo, na leo nitazitoa. Ila msitegemee kucheka mpaka mwisho. Watu wakisikia mtu alipika mgodini miaka ishirini na miwili wanadhani ana hadithi tamu tupu, kama vile tulikuwa tunakula dhahabu. Tulikuwa tunakula ukoko wa sufuria, tumesimama.

Nilikuwa mpishi wa mesi, yaani jiko na ukumbi wa kulia chakula, katika kambi ya mgodi mmoja upande wa Geita. Jina la mgodi siwatajii, halitawasaidia kitu. Pale walifanya kazi watu wa kila taifa, na kila taifa lilikuwa na tumbo lake. Siku za kawaida walivumiliana. Wali, kuku, kabichi, maharage, mtu anakula anakwenda zamu. Ikifika Desemba kila mmoja anamkumbuka mama yake, na hapo ndipo jiko linapogeuka uwanja wa vita.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Rukia, mwanamke wa Ujiji, msimamizi wa mikate na keki. Mwislamu wa swala tano, nguruwe hamgusi, pombe hainusi, lakini sijaona mtu aliyezijua Krismasi za watu kama yeye. Siku yangu ya kwanza aliniambia, “Wewe Msukuma, sikiliza. Mzungu akikuambia anataka chakula cha Krismasi, usimuulize anataka chakula gani. Muulize mama yake alikuwa anatia nini. Hapo atakuambia ukweli.” Hiyo ndiyo siri ya kwanza, iandikeni. Jitu zima lenye ndevu, linaendesha lori refu kuliko nyumba, ukiliuliza swali hilo linakaa kitako na kukueleza habari ya mdalasini kwa nusu saa.

Krismasi yangu ya kwanza pale niliiharibu mwenyewe. Mgodini kila mfanyakazi, hata mfagizi, lazima afunzwe kuzima moto, na mimi nilikuwa nimefuzu mwezi huohuo, cheti bado kinanukia wino. Waingereza wana keki yao nyeusi ya matunda makavu, inapikwa kwa mvuke, nzito kama tofali. Mmoja wao akasimama mbele ya watu wote, akaimwagia pombe kali, akawasha kiberiti. Mimi nikaona moto mezani. Nilifanya kama nilivyofundishwa: nikang'oa pini ya mtungi wa kuzimia moto, nikaelekeza mpira kwenye shina la moto, nikafyatua. Unga wa ule mtungi ulifika mpaka kwenye nywele za meneja wa kinu cha kusagia mawe. Keki ilikwisha, bata mzinga alikwisha, na wageni wale wakabaki weupe kuliko walivyozaliwa. Nilijua nimefukuzwa. Mwezi uliofuata wakanipa fulana ya mfanyakazi bora wa usalama. Mama Rukia alikaa wiki nzima akinisalimia, “Zimamoto, umeamkaje?”

Basi nikajifunza. Wafilipino wanaanza Krismasi mwezi wa tisa. Fundi umeme mmoja wa kwao alining'iniza nyota ya mianzi na karatasi juu ya meza ya kugawia chakula, na mvua za vuli hata hazijaanza. Nikadhani joto limempanda kichwani. Nilipomuuliza akasema, “Kaka, sisi nusu yetu tuko nje ya nchi miaka yote. Tukisubiri Desemba haitoshi.” Waghana walitaka wali wao mwekundu wa nyanya na pilipili, na kila mwaka waligombana na Mama Rukia, maana yeye alishikilia kwamba wali usio na bizari ni uji ulioshindwa. Wasauzi walichoma nyama wenyewe, na ole wako uguse koleo lao. Mwanamume wa Kisauzi atakuazima gari, koleo la nyama hakuazimi. Waaustralia walikula kamba na nyama ya nguruwe, vyote baridi, wamevaa kaptula, halafu wanakwenda kupiga mpira kwa gongo nyuma ya karakana. Na hapa sikilizeni: kamba wa barafu myeyushe ndani ya friji tangu jana yake, usimtie maji ya moto hata ukishikiwa bunduki. Atakuwa kama kandambili.

Mti wa Krismasi ulikuwa mvinje, tunaukata kule bwawani, na theluji yake ilikuwa pamba. Pamba ya kwetu Shinyanga. Kila Desemba nilitumwa niitafute, na kila nilipoibandika kwenye matawi nilimwona baba yangu ameinama shambani, mgongo umepinda kwa ajili ya kitu ambacho mimi nilikuwa nawapambia watu wasahau jua letu.

Sasa nifike kwa baba.

Baba yangu, Mzee Limbu, alichimba almasi kwa sururu pale Maganzo enzi za ujana wake, asipate kitu cha maana, akarudi kwenye pamba na ng'ombe wachache. Mbele yangu walizaliwa pacha, hawakuishi. Nyuma yangu hakuja mtu. Mama alipofariki tukabaki wawili. Krismasi ya kwetu haikuwa na mambo mengi. Baba alichinja mbuzi asubuhi ya sikukuu kabla ya kwenda kanisani, na mimi ndiye niliyemshika mbuzi miguu. Tangu nina miaka sita hiyo ilikuwa kazi yangu na hakupewa mwingine. “Shika usiachie,” alikuwa anasema, “ukiachia utamtesa.” Halafu ini linabanikwa palepale kwenye makaa, tunakula wawili tukiwa bado na damu mikononi, kabla nyama nyingine haijaingia chunguni.

Nilipoanza kazi mgodini nilimwahidi kwamba Krismasi nitakuwa narudi. Mwaka wa kwanza nikaomba likizo. Wakaniambia Krismasi jikoni hakuna likizo, ndiyo siku yenyewe ya kazi. Mwaka wa pili nikaomba tena. Mwaka wa tatu sikuomba. Nusu ya wageni walikuwa wanapanda ndege kwenda kwao, na nusu waliobaki walikula kama watu wawili kwa uchungu wa kubaki. Mimi nilikwenda nyumbani Januari, baba ameniwekea mguu wa nyuma, umekaushwa, mgumu kama ubao. Ananiuliza, “Ulikula nini sikukuu?” Namwambia. Anatikisa kichwa. Mbuzi alikuwa anashikwa na jirani. “Yule anaachia,” baba alisema siku moja.

Hali ikawa hiyo miaka kumi na kitu. Mtu huzoea. Nawaambia hili kwa sababu ninyi mnadhani kitu kibaya kinakuja kwa kishindo. Kinakuja kwa kuzoea.

Halafu wakaja Wapoland. Walikuwa wanne, mafundi wa chini ya ardhi, na mkubwa wao alikuwa mhandisi wa pampu aliyeitwa Marek. Mtu mrefu, mpole, anajua Kiswahili cha kuombea chumvi na zaidi kidogo. Mapema mwezi wa kumi na mbili alikuja jikoni, na mimi nikamuuliza swali la Mama Rukia. Alikaa kitako mpaka chai yake ikapoa.

Kwao, akasema, Krismasi inaliwa tarehe ishirini na nne, jioni, nyota ya kwanza ikionekana. Hakuna nyama siku hiyo. Vyakula kumi na viwili: supu ya mboga nyekundu za mizizi, samaki, kabichi, uyoga, vitu kama sambusa lakini vya kuchemshwa, na kinywaji cha matunda makavu. Samaki wao hatukuwa naye, nikasema nitaweka sato. Matunda makavu yalikuwa machache, nikaongezea michembe, vile viazi vitamu vyetu vilivyokaushwa juani. Marek alionja akafumba macho, akasema mama yake asingejua tofauti. Siwezi kuwaficha, nilijisikia mkubwa. Nafasi ya mkuu wa jiko ilikuwa wazi, na ilisemekana Marek ana sauti kwa wakubwa.

Mambo mawili ya mwisho aliyasisitiza. Chini ya kitambaa cheupe cha meza kuwe na majani makavu kidogo, kwa sababu Yesu alizaliwa zizini. Na mezani kuwe na sahani moja zaidi ya idadi ya watu, na kiti chake.

“Ya nani?” nikauliza.

“Ya mgeni,” Marek akasema. “Mtu yeyote asiyetarajiwa. Usiku huo akibisha mlangoni, haulizwi jina. Anakaa, anakula.”

Mama Rukia alikuwa anakanda unga pembeni. Akasema, “Kumbe na wao wanajua. Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

Sasa majani makavu, Geita, Desemba, mnayatoa wapi? Nchi nzima inanyesha, nyasi zote ni mbichi. Nilizunguka mpaka nikapata kwa mzee mmoja mfugaji jirani na kambi, majani makavu safi kabisa, yako chini ya paa la banda analolaza ndama wake. Nikajaza kiroba. Mimi, mtoto wa mfugaji, sikujiuliza kwa nini ndama wa yule mzee walikuwa wanajikuna.

Tarehe ishirini na nne, saa kumi jioni, tulitandika meza ya Wapoland kwenye chumba kidogo cha pembeni ya mesi. Majani, kitambaa cheupe juu yake, sahani tano. Marek alikuja kukagua. Akaweka ufunguo wa gari lake juu ya meza, akawa anapapasa kitambaa kwa kiganja, anatabasamu. Halafu mkono ukasimama. Juu ya ule weupe kupe alikuwa anatembea taratibu, amevimba, anaelekea kwenye sahani ya mgeni. Nyuma yake mwingine. Mama Rukia akapiga ukelele, “Mtume wangu!” na kuruka juu ya kiti akiwa na umri wa bibi yenu. Tukatoa kila kitu, tukakung'uta kitambaa nje, tukachoma majani, na Marek alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema zizi la kweli lina kupe, kwa hiyo mwaka huu ndio tumepata.

Tulikuwa katika kucheka huko redio ya mawasiliano ya jikoni iliposema: “Shija wa mesi, Shija wa mesi. Una mgeni getini. Anasema ni baba yako.”

Nilikuwa sijawahi kumsikia baba yangu akitajwa ndani ya lile geti. Alikuwa hajawahi kufika Geita. Nikachukua redio nikaenda nayo pembeni. Mlinzi akaniambia mzee ametoka Maganzo alfajiri, amebadilisha magari matatu, amebeba nyama ya mbuzi. “Anasema wewe huwezi kwenda, basi amekuja yeye. Anataka akuone tu na akupe nyama. Lakini nyama haiingii kambini, unajua sheria. Na yeye bila kibali haingii. Njoo wewe.”

Toka jikoni mpaka getini ni mwendo wa gari. Ndani ya mgodi haruhusiwi mtu kutembea kwa miguu, barabara ni za malori makubwa. Ilikuwa lazima mtu mwenye gari anipeleke, na kibali cha mgeni alikuwa anaweza kukiandika mtu wa ngazi ya Marek kwa dakika mbili. Marek alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu, anafuta machozi ya kicheko.

“Shija,” akaniambia, “kuna tatizo?”

Vijana, hapa ndipo nilipotaka mfike. Nilimwona baba yangu kwa macho ya moyoni. Shuka lake la lubega begani, katambuga zake za tairi, nyama imefungwa kwenye kitenge. Nikaiona sakafu ya mesi inavyong'aa. Nikafikiria nafasi ya mkuu wa jiko, na kwamba nimekwisha kuwaletea kupe mezani, sasa nilete na mzee wa lubega. Nikaona aibu. Nasema neno lenyewe: nilimwonea aibu baba yangu.

Nikamjibu, “Hakuna tatizo.”

Mama Rukia alikuwa amesikia redio. Akanivuta mkono mpaka kwenye stoo ya unga. “Mwambie huyo mzungu. Baba yako yuko getini, sahani si hiyo hapo? Kiti si hicho? Nenda, mimi nitashika jiko.”

“Mama Rukia,” nikamwambia, “ile sahani ni desturi tu.”

“Haya,” akasema, akarudi kwenye mikate yake. Hakuniita Zimamoto tena tangu siku ile.

Nikamwambia mlinzi kwenye redio: mwambie niko kazini, asubiri kidogo, nikipata nafasi nitakuja. Sikuitafuta nafasi. Nilikoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa. Nilisema moyoni kwamba ni sheria za mgodi, ni ukatili wa wazungu, mtu mweusi hana Krismasi. Yote hayo yana ukweli wake, siyafuti. Gari la mwisho la kwenda Geita mjini linapita pale getini saa kumi na mbili. Ilipofika saa kumi na mbili na robo nikaacha kukoroga.

Nyota ilipoonekana Wapoland wakaketi. Kabla ya kula wana mkate mwembamba kama karatasi, kila mtu anamega kwa mwenzake na kumtakia jambo. Marek akaja nao jikoni. Akamegea kila mpishi. Alipofika kwangu akasema, “Nikutakie nini, Shija?”

Nikasema, “Afya ya baba yangu.”

“Basi na iwe hivyo,” akasema, na akala kipande chake akinitazama kwa upole. Mimi changu kilinigandia kwenye ulimi.

Chakula kilipokwisha, ile sahani ya tano ilirudi ikiwa imejaa, maana kwao kila chakula kinatiwa kidogo. Sato, kabichi, sambusa za kuchemshwa. Sheria ya mesi inasema chakula kilichofika mezani hakirudi chunguni. Nikakimwaga mwenyewe.

Kesho yake nilipata gari nikafika getini. Mlinzi akanipa kitenge, kimekunjwa vizuri. Kilikuwa cha marehemu mama. “Nyama tulikula, Shija,” akasema. “Mzee mwenyewe alisema. Alisema kama hapati nafasi, basi kuleni ninyi, sikukuu hailiwi na mtu mmoja. Alikaa na sisi, akatukatia kwa kisu chake. Ini alikuwa amelifunga peke yake, la kwako. Hilo alisita, lakini mwishowe akalitoa.”

Mwezi wa kwanza nikaenda Maganzo. Nilikuta baba anatengeneza ua wa ng'ombe. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nishike upande wa pili wa mti. Hakutaja geti. Jioni tukiwa tunakula akaniuliza kama siku zote, “Wazungu walikula nini?”

Nikamweleza. Kupe alivyotembea kwenye kitambaa, baba alicheka akapaliwa. Na kwa kuwa anacheka, ulimi ukaniponyoka, nikamweleza na habari ya sahani ya mgeni.

“Desturi nzuri,” akasema. “Na mgeni alikuja?”

“Hakuja.”

Akamung'unya kidogo. “Chakula chake kikaenda wapi?”

“Tulikimwaga, baba.”

Akanawa mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja. “Mimi nililala stendi ya Geita,” akasema. “Kulikuwa na kwaya ya kanisa, wanazunguka. Waliimba vizuri sana, ng'wanone. Na hawakunidai kitu.” Kwa Kisukuma ng'wanone ni mwanangu. Hilo ndilo neno lake la mwisho kuhusu siku ile.

Alifariki mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo, pamba ikiwa ndiyo kwanza inapandwa. Likizo ya msiba niliiunganisha na ya mwaka, ikafika mpaka Krismasi. Ndiyo niliyowaambia kwamba niliila nyumbani. Nilichinja mbuzi, jirani akashika miguu, akaachia.

Nilipata ukuu wa jiko. Nautaja msije mkadhani nilihangaika bure. Mshahara ulipanda, kofia ikawa ndefu. Miaka mitano baadaye mkataba wa Marek ukaisha, akaja kuniaga. Tulikaa kwenye kile chumba kidogo cha pembeni, yeye na chai, mimi na chai. Akasema atakumbuka sato na michembe. Halafu akasema jambo ambalo nadhani alilisema ili kujaza kimya.

“Unajua, Shija, tangu nizaliwe tunaweka ile sahani. Kwa bibi yangu, kwa mama yangu, hapa. Hakuna mgeni aliyewahi kuja. Hata mmoja. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa nautazama mlango.”

Sijui kilinipata nini. Pengine kwa sababu alikuwa anaondoka. Nikamwambia, “Alikuja.”

“Lini?”

“Siku ya kupe.” Nikamweleza yote, mpaka ini.

Nilikuwa nasubiri Marek aseme pole, aseme sheria ni sheria, aseme hata yeye wangemkatalia kibali. Miaka mitano nilikuwa na watu wa kuwalaumu, nilikuwa nimewapanga kama vyungu kwenye rafu: mgodi, geti, meneja, weupe wa watu. Kama angesema neno moja tu la kujitetea, ningerudi jikoni na vyungu vyangu vyote.

Alinyoosha mkono, akaweka kidole juu ya meza, mahali palepale.

“Shija, ufunguo wa gari ulikuwa hapa,” akasema. “Nilikuuliza.”

Basi hizo ndizo siri za kambini. Nguruwe mkaushe ngozi kabla hujamtia chumvi. Kamba myeyushe tangu jana. Majani ya meza usiyatoe kwenye banda la ndama. Hayo mengine mtajifunza. Watawanyima likizo, hilo nawahakikishia, na mtakuwa na haki ya kukasirika. Kasirikeni. Lakini siku redio ikikuita, usikoroge supu.

Nimestaafu sasa, nimerudi kwenye boma la baba hapa Maganzo. Binti yangu ni mpishi kwenye hoteli moja ya watalii, kazi nilimtafutia mimi. Jana alipiga simu.

“Baba, shikamoo. Baba, usinisubiri sikukuu. Mwaka huu tena wameniweka zamu.”

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na haya yote niliyowaandikia. Nikasikia nyuma yake vyombo vinagongana, mtu anamwita kwa jina.

“Hakuna tatizo,” nikamwambia.

Halafu nikatoka kwenda kwa jirani kumuomba aje kunishikia mbuzi miguu.